Trela Imetoka: Itazame Hivi Kabla Hujaandika Chochote

Trela ya filamu kubwa ikitoka, haipiti saa moja mitandao imejaa hukumu. Filamu mbovu. Filamu ya mwaka. Fulani kafa, fulani karudi. Nyingi ya hukumu hizo huanguka filamu yenyewe inapofika ukumbini, na chanzo chake ni kimoja: watu huisoma trela kana kwamba ni kipande cha filamu. Trela ni tangazo. Mara nyingi hukatwa na wahariri wengine kabisa, si wale walioihariri filamu, tena miezi kadhaa kabla filamu haijakamilika, na kazi yake ni kukutoa nyumbani ukanunue tiketi. Shabiki anayelishika hilo hudanganyika mara chache, na akisema neno watu humsikiliza.

Ni ya kweli?

Kabla ya kubonyeza, angalia nani ameipandisha. Usiridhike na nembo, maana nembo hunakiliwa kwa dakika moja. Ingia kwenye tovuti ya studio au ukurasa rasmi wa filamu, ufuate kiungo kutoka huko. Kama kiungo hakipo, na vyombo vya habari za filamu kama Deadline, Variety na The Hollywood Reporter havijaandika lolote, chukulia kuwa trela haijatoka. Studio iliyotumia mamilioni ya dola haitoi trela kimyakimya.

Trela bandia zimezagaa tangu zana za akili mnemba zilipokuwa rahisi kutumia, hadi mwaka 2025 YouTube ikazikatia mapato ya matangazo baadhi ya chaneli kubwa zilizokuwa zikizitengeneza. Dalili zake zinajulikana: vipande vyote ni vifupi na kamera inasogea mbele polepole, hakuna anayezungumza huku mdomo wake ukionekana vizuri, uso wa mwigizaji unabadilika kidogo kila kipande, na maandishi ya mabango ya nyuma hayasomeki. Neno "concept", yaani wazo la kubuni tu, nalo huwa limefichwa mwishoni mwa maelezo. Lakini zana hizi zinaboreshwa kila mwezi, kwa hiyo usitegemee jicho peke yake. Kipimo ni chanzo.

Habari zisizo na video zina ngazi zake pia, na hapa ndipo mashabiki wengi huumia bure. Mwigizaji "yuko kwenye mazungumzo" maana yake hajasaini. Mradi "unaandaliwa" unaweza kuwa hati ya muswada tu, na miradi mingi hufia hapo hapo. Mradi "ulioidhinishwa" umepewa fedha, lakini bado unaweza kufutwa. Upigaji picha ukianza ndipo pa kuanza kuamini, na hata hapo tarehe ya kutoka husogezwa. Unaposambaza habari, taja ngazi yake kwa usahihi. Usiandike "atacheza" pale chanzo kilipoandika "anazungumza nao".

Kwa anayetaka kuwahi: studio za Marekani hupenda kutoa trela asubuhi ya kwao. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni Nairobi na Dar es Salaam kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Novemba, na saa 11 jioni miezi mingine, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Saa 3 asubuhi ya Los Angeles ni saa 1 usiku kwetu, au saa 2 usiku wakati wa baridi yao.

Mara tatu, na kila mara kwa njia yake

Mara ya kwanza itazame mfululizo, bila kusimamisha, ukiwa na hedifoni na skrini kubwa kuliko zote ulizo nazo. Ikiisha, andika mambo mawili au matatu yaliyokugusa, kabla hujasoma maoni ya mtu. Ukishasoma maoni, hutajua tena lipi lilikuwa lako.

Angalia pia ubora wa video. Dakika za mwanzo baada ya kupandishwa, YouTube huwa bado inaichakata, na wakati mwingine unapewa ubora wa chini tu. Malalamiko ya "picha ina ukungu" au "giza tupu" ya nusu saa ya kwanza mara nyingi hutokana na hilo, pamoja na mwanga mdogo wa simu. Trela ya dakika 2 na nusu kwa 1080p hula takriban MB 40 hadi 70, na kwa 480p kama MB 15 hadi 20. Kama bando ni dogo, tazama kwa 480p lakini usitoe hukumu juu ya rangi na mwanga.

Mara ya pili igeuze simu uso chini, usikilize tu. Utashangaa mambo yanayojitokeza. Wahariri wa trela huchukua sentensi ya onyesho moja na kuiweka juu ya picha za onyesho jingine, na wakati mwingine huunganisha nusu mbili za sentensi tofauti. Ukisikiliza bila picha, utasikia mwangwi wa chumba ukibadilika katikati ya maneno: nusu ya kwanza ilirekodiwa ndani, nusu ya pili nje. Hapo ujue sentensi hiyo haimo kwenye filamu kwa namna uliyoisikia. Muziki nao usiuhukumu. Ule wa trela mara nyingi umetungwa au kununuliwa kwa ajili ya trela, na mtunzi wa muziki wa filamu huenda hajamaliza kazi yake.

Mara ya tatu tumia kompyuta. Simamisha video, kisha bonyeza kitufe cha nukta kusogea mbele fremu moja, yaani picha moja, na cha mkato kurudi nyuma. Filamu huwa na fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo kipande cha nusu sekunde kilichokupita kina fremu 12 za kuchunguza. Kwenye simu, punguza kasi hadi 0.25.

Unachotafuta hapa ni kujua vipande gani ni vya onyesho moja. Mtu anaangalia kwa hofu, kisha tunaonyeshwa jumba likilipuka: je, analiangalia jumba hilo? Linganisha nguo, nywele, kidonda usoni, upande wa jua, unyevu wa barabara. Vikitofautiana, umeunganishiwa mambo mawili yasiyohusiana, na nadharia yako ya nani anamuua nani haina mguu wa kusimamia.

Usiiache kadi ya mwisho, ile skrini yenye majina. Yale maandishi membamba ya chini ndiyo yenye taarifa za uhakika kuliko trela nzima, maana yanatokana na mikataba. Kwa filamu za Marekani, majina mawili ya waandishi yakiunganishwa na alama ya "&" ina maana waliandika pamoja kama timu; yakiunganishwa na "and", mmoja aliandika, kisha mwingine akaifanyia kazi hati hiyo baadaye. Majina matano yenye "and" nyingi yanakuambia hati ilipita mikono mingi. Hiyo ni hoja ya kujadili, kuliko urefu wa sketi ya mwigizaji.

Trela hudanganya, tena kwa makusudi

Trela ya Avengers: Infinity War iliyotoka Novemba 2017 ilimwonyesha Hulk akikimbia vitani Wakanda pamoja na wenzake. Filamu ilipofika 2018, onyesho hilo halikuwemo. Katika hadithi, Bruce Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, alishindwa kugeuka kwa sababu Hulk alikataa kutokea. Picha hiyo ilitengenezwa ili siri isivuje. Novemba 2021 trela ya pili ya Spider-Man: No Way Home ilificha waigizaji wawili kwa kuwafuta kidijitali, lakini katika toleo la Brazil mashabiki walimwona Lizard, mmoja wa maadui, akigeuka kichwa kama aliyepigwa ngumi, ilhali hakuna aliyempiga. Fremu chache tu, na siri ya studio ikawa nje. Ndiyo maana matoleo ya nchi mbalimbali yafaa kulinganishwa: urefu hutofautiana, na mara nyingine vipande pia.

Kuna udanganyifu usio wa kulinda siri. Trela za Rogue One za 2016 zilikuwa na vipande vingi ambavyo havikuonekana kabisa kwenye filamu, kwa sababu sehemu kubwa ilipigwa upya. Trela ya Yesterday ya 2019 ilimwonyesha Ana de Armas, naye akakatwa kwenye filamu. Watazamaji wawili waliokodi filamu hiyo kwa dola 3.99 kila mmoja wakaishtaki studio ya Universal Januari 2022, na Desemba mwaka huo jaji wa Marekani akakubali hoja moja muhimu: trela ni tangazo la biashara, hivyo sheria za matangazo ya uongo zinaweza kuigusa. Kwa hiyo ukiona mwigizaji umpendaye kwa sekunde moja tu ndani ya trela, usinunue tiketi kwa sababu yake peke yake.

Maoni yanayosikika

Mfano bora ni Sonic the Hedgehog, filamu ya mhusika wa michezo ya video. Trela ilitoka 30 Aprili 2019, na mashabiki wakakasirika. Kilichosaidia ni namna walivyokasirika. Wengi walitaja vitu vinavyoonekana: macho ni madogo na yametengana, meno ni ya binadamu, mikono haina glavu, miguu ni mirefu mno. Wengine walichora wenyewe Sonic wanayemtaka, wakaweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Siku mbili baadaye mwongozaji, Jeff Fowler, akaandika kwamba wamesikia na mhusika atabadilishwa. Filamu ikasogezwa kutoka 8 Novemba 2019 hadi 14 Februari 2020, Tyson Hesse, aliyekuwa amechora vitabu vya picha vya Sonic, akaongoza usanifu mpya, na trela mpya ya Novemba ikapokelewa kwa furaha. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani.

Lakini soma vizuri kwa nini iliwezekana. Mhusika alikuwa wa kompyuta, kwa hiyo waigizaji hawakuhitaji kurudi kupiga picha upya. Zilibaki zaidi ya miezi sita. Kosa lilikuwa la umbo, si la hadithi. Mambo matatu hayo yakikosekana, kelele hazibadilishi kitu. Hadithi haiandikwi upya wiki sita kabla ya filamu kutoka, na mwigizaji aliyekwisha maliza kazi hubadilishwa kwa nadra sana. Ukidai lisilowezekana, unapoteza nguvu ambazo ungezitumia kwenye linalowezekana, kama rangi, athari za kompyuta, sauti, hata tafsiri ya maandishi ya chini.

Kelele si tiketi pia. Mwaka 2022 vichekesho vya mtandaoni kuhusu Morbius vilikuwa vingi hata filamu ikarudishwa kwenye kumbi zaidi ya 1,000 Marekani mwezi Juni. Ikaambulia takriban dola 300,000 wikendi hiyo. Zile takwimu za "kutazamwa mamilioni kwa saa 24" nazo hujumlisha mitandao yote, pamoja na video zinazojicheza zenyewe mtu akipitisha kidole.

Maoni yenye uzito yana dakika na sekunde, yanataja kinachoonekana, na yanasema kimeharibu nini. "0:47, mdomo wa mzee haufuati maneno" inaweza kumfikia mhariri. "Takataka" haimfikii mtu. Na mwili wa mwigizaji si sehemu ya mjadala. Mwigizaji Leslie Jones alitukanwa hadi akaondoka Twitter kwa muda Julai 2016, baada ya miezi ya chuki juu ya Ghostbusters, filamu ambayo yeye hakuiandika wala kuiongoza. Hakuna fremu iliyoboreshwa kwa matusi yale.

Ukijirekodi ukitazama

Mfumo wa YouTube wa kutambua hakimiliki hulinganisha picha na sauti kila moja peke yake, na kwenye trela muziki hunaswa upesi sana. Mwenye haki akipatikana, anaweza kuizuia video, kuchukua mapato yake, au kuifuatilia tu. Hilo ni dai, na halifungi chaneli. Onyo la hakimiliki (strike) ndilo hatari: maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kukufungia chaneli nzima.

Hakuna sheria ya "sekunde 10 ni halali", na kuandika "sina umiliki wa video hii" hakukulindi hata kidogo. Kinachosaidia ni uchambuzi wa kweli. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, mradi chanzo kitajwe, lakini mfumo wa kompyuta hausomi sheria. Simamisha trela kila baada ya sekunde chache uzungumze, iweke kwenye dirisha dogo pembeni, na usiicheze yote mfululizo popote. Ukipata dai lisilo la haki, lipinge kwa maelezo. Aliyedai ana siku 30 za kujibu. Rekodi sauti yako kwenye faili lake peke yake, ili ukilazimika kuondoa sauti ya trela maneno yako yabaki.

Kwa tamthilia na filamu za kwetu, mambo ni tofauti kidogo, na matumaini ni makubwa zaidi. Kionjo, yaani trela fupi, cha tamthilia ya Azam TV au Maisha Magic Bongo mara nyingi hutoka vipindi vya mbele vikiwa bado vinapigwa picha, na ukurasa wa mtayarishaji huendeshwa na watu wachache, wakati mwingine yeye mwenyewe. Shabiki akiandika kwamba sauti ya mazungumzo imezidiwa na muziki kuanzia 0:22, au kwamba lafudhi ya mhusika wa Pemba si ya Pemba, kuna nafasi nzuri ya kusomwa na mtu mwenye uwezo wa kurekebisha kabla ya Jumatatu. Andika hapo kwenye ukurasa wao, si kwenye kundi la WhatsApp. Ukijua lafudhi hiyo, mwandikie mstari mmoja jinsi Mpemba angelisema.