Jibu: Kipepeo wa baharini hali chochote

Mkuu, pole. Umesema kipepeo wako, yule samaki wa baharini unayemfuga tangini, hagusi chakula tangu afike kwako Njiro, Arusha, ilhali vipimo vya maji ni vizuri. Kwanza tazama ni wa aina gani. Wapo wanaokula matumbawe hai tu. Hao hata uwabembeleze vipi watakonda hadi wafe, na wauzaji wengi hawasemi. Kama ni Chaetodon auriga, mweupe mwenye mistari ya mshazari na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, una nafasi. Mpasue kome mbichi, mlaze na ganda lake juu ya jiwe, upunguze taa. Atadonoa kidogokidogo, mdomo wake umechongoka kwa kazi hiyo. Halafu usiku wa Juni Arusha ni baridi: hita ya kupasha maji ishike nyuzi 25 za Selsiasi, umeme ukikatika funika tangi kwa blanketi.