Kioo cha ndege: kimepasuka, kimevunjika au kimeng'oka?

SWALI: Ndege ilirudi uwanjani baada ya kioo cha mbele kuingia ufa. Gazeti moja likaandika "Kioo chavunjika angani", jingine "Kioo cha ndege chapasuliwa na ndege". Lipi limekosea? – Msomaji, Tanga

JIBU: La kwanza limetia chumvi. Kuvunjika ni kuwa vipande vipande. Kioo cha rubani ni matabaka kadhaa yaliyogandishwa pamoja. Moja likipata nyufa, mengine hukishikilia kioo mahali pake. Hicho kimepasuka.

Kung'oka ni habari nyingine kabisa. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways ikitoka Birmingham kwenda Málaga, kioo cha upande wa nahodha kiling'oka angani. Bolti 84 kati ya 90 zilizokishika zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, na hewa ya ndani ikakisukuma nje. Nahodha alichomoka nusu mwili, wenzake wakamng'ang'ania hadi ndege ikatua Southampton, naye akapona! Anayeandika hapo kwamba kioo "kilivunjika" amekilaumu kioo kwa kosa la bolti. Mwaka 2018 huko China, kioo cha ndege ya Sichuan Airlines kilipasuka kwanza, kisha kikang'oka. Huwezi kuisimulia safari hiyo kwa kitenzi kimoja.

Gazeti la pili lina tatizo la kauli. "Chapasuliwa" ni kauli ya kutendwa, inamtaka mtenda. Je, uchunguzi ulikuwa umekwisha? Mvua ya mawe hupasua kioo. Nyaya za kukipasha joto nazo, zikipata hitilafu, hukipasua. "Chapasuka" haimshtaki yeyote, na kwa habari ya siku ya kwanza ndiyo ningeichagua.

Ama hao ndege wawili wa kichwa hicho cha pili, sarufi huwatenganisha vizuri tu: mwenye mbawa za manyoya huchukua upatanisho wa A-WA, ya chuma I-ZI. "Ndege aliyekigonga kioo", "ndege iliyogongwa". Bahati mbaya kichwa cha habari kimebanwa, hakikuacha nafasi ya kiambishi hata kimoja. Mhariri wa Lamu angejiokoa kwa "nyuni", jina la huko la ndege mwenye mbawa za manyoya, ila sijui wasomaji wangapi wa bara wangemwelewa. Mimi ningeandika "Kioo cha ndege chapasuka angani", na huyo ndege, kama kweli alikuwepo, nimweke kwenye aya ya pili.