Kukwama ukurasa wa 30 siyo uvivu

Mdogo wangu, umesema kila riwaya unakwama ukurasa wa 30 na unajiona mvivu, hapana bwana, shida umeanza na zile nzito. Mi mwezi wa saba hapa Makambako baridi ilinifungia ndani nikamaliza mbili za Shafi Adam Shafi. Nilianza na Kuli (1979), ya Rashidi na makuli wa bandarini Zanzibar na ule mgomo wa 1948, na ilinikaa kichwani kwa sababu na mimi nimewahi kubeba magunia ya viazi kwa ujira wa kuchekesha, kuna sehemu nilifunga kitabu nikaenda kuota moto kwanza. Alafu Vuta n'kuvute, huyo Yasmin anavyoozwa kwa Raza, mzee wa kulingana na baba yake, we acha tu, chai ilipoa nimeishika mkononi. Denge, yule mwanaharakati wa uhuru anayependana na Yasmin, najua wengi wanamsifia ila mi alinichosha kidogo, siasa kila saa na binti wa watu anasubiri!

Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya 2022 ya riwaya yake ya Kiingereza Paradise, ni tamu ila inatembea polepole, iache kwanza.

Kwahiyo anza na Vuta n'kuvute, kurasa kumi tu kila usiku, simu iache chumba kingine, na ukiboreka ruka aya, hakuna mtihani. Ukipita Makambako nishtue nikuazime Kuli yangu, ina doa la mafuta ya taa katikati ila inasomeka.