Maelezo ya Majibu ya LSAT: Yanapopatikana na Namna ya Kuyasoma

Wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea kwamba mtu huanza kusomea sheria mara tu amalizapo sekondari. Marekani shule ya sheria huja baada ya shahada ya kwanza, na nyingi kati ya shule hizo, pamoja na nyingi za Kanada, hupokea maombi yanayoambatana na alama za LSAT, mtihani wa kuomba nafasi katika shule ya sheria, ambazo huanzia 120 na kuishia 180. Mtihani huu haupimi ujuzi wa sheria hata kidogo. Unapima usomaji na uchambuzi wa hoja, na kwa hiyo kufanya majaribio mengi, yaani mitihani ya mazoezi, bila kuelewa kwa nini jibu moja limekubaliwa na manne yamekataliwa hakumfikishi mtu mbali.

Majaribio yenyewe yapo LawHub, tovuti ya LSAC, ambalo ndilo baraza linaloandaa mtihani. Akaunti ya bure ina majaribio machache kamili. Mengine hulipiwa kwa mwaka, na asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha wa ada. Kinachowachanganya watu ni namba. Agosti 2024 sehemu ya michezo ya mantiki, yaani mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa kufuata masharti, iliondolewa katika mtihani, majaribio ya zamani yakapangwa upya na kupewa namba kuanzia 101 hadi 158. Maelezo mengi yaliyokwisha kuandikwa na walimu wa LSAT yalifuata namba za awali, hivyo anayetafuta kwa namba anaweza kujikuta akisoma ufafanuzi wa swali jingine kabisa. Mimi nilitafuta kwa maneno: nilichukua maneno machache ya mwanzo wa kifungu, nikayafunga kwa alama za kunukuu, kisha nikaongeza neno LSAT. Tovuti zinazomwaga maswali yote bila ruhusa nilizikwepa, na si kwa sababu ya hakimiliki peke yake, kwani mtu akinakili vibaya neno moja tu, “baadhi” likawa “wengi”, jibu sahihi hugeuka.

Anayetaka kusikia kwanza kutoka kwa watunga mtihani wenyewe atafute vitabu vya SuperPrep vilivyotolewa na LSAC. Ni vya zamani na bado vina ile michezo ya mantiki, lakini maelezo yake ya sehemu za hoja hayajachakaa.

Ubora wa maelezo mimi huupima kwa namna yanavyoshughulikia majibu yasiyo sahihi. Chukua hoja hii niliyoitunga: tangu taa ziwekwe kwenye barabara fulani, ajali za usiku zimepungua, kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza ajali. Swali linauliza ni dhana gani ambayo hoja hii haiwezi kusimama bila hiyo. Chaguo moja linasema kwamba taa ndiyo njia bora kuliko zote ya kupunguza ajali. Jingine linasema kwamba kupungua kwa ajali hakukutokana na magari kuacha kupita njia hiyo usiku. Maelezo mabovu yatakwambia kwamba la pili ni sahihi kwa kuwa hoja inalihitaji, yakaishia hapo. Maelezo mazuri yatakufundisha kulikanusha kila chaguo. Tuseme taa si njia bora kuliko zote: hoja haitikisiki, kwa maana matuta yanaweza kufaa zaidi na bado taa zikawa zimesaidia. Tuseme sasa kwamba ajali zilipungua kwa sababu magari yalihamia barabara nyingine: hoja imeanguka. Ukishauona mwendo huo kwa macho yako, utaweza kuutumia kwenye swali lolote la aina hiyo, hata liwe linahusu samaki au michoro ya kale.

Ndiyo sababu nashauri maelezo yasomwe mwisho. Sehemu ya dakika 35 ikiisha, rudia maswali uliyoyatilia shaka bila saa na bila kuangalia majibu, uandike kwa sentensi moja moja kwa nini kila chaguo linafaa au halifai, halafu ndipo ufungue maelezo na kuyalinganisha na yako. Swali ulilolipata kwa kubahatisha lihesabu kuwa umelikosa. Programu za akili mnemba zitumie kwa hadhari. Niliyoijaribu niliiambia jibu ni C ikaitetea C kwa ufasaha, na nilipoiambia kuwa ni D ikaitetea D kwa ufasaha uleule. Mahali ambapo walimu wawili wamefafanua swali moja kwa njia tofauti ndipo nilipofaidika zaidi, kwa sababu mmoja huwa ameona kosa la hoja ambalo mwenzake amelipita.

Mazoezi haya ya polepole yafanyie kwenye majaribio ya namba za chini. Yale ya namba za juu, ambayo kwa kawaida ndiyo ya karibuni zaidi, yaache bila kuyagusa hadi wiki za mwisho, uyafanye kwa kujipimia muda kama mtihani kamili, na maelezo yake usiyafungue siku hiyo hiyo.