Kabla Hujamwagia Bibi Harusi Poda Kichwani

Jumamosi iliyopita niliweka picha Instagram: wigi la kijivu-jeupe limepanda juu kama kichuguu, vikunjo vitatu kila upande, utepe wa buluu. Ilikuwa sendofu ya mtindo wa Ufaransa ya zamani. Mteja alitoka kwangu saa kumi jioni, akacheza mpaka saa sita usiku, Jumapili akarudisha wigi likiwa jeupe vilevile. Sijifichi, usiku ule niliitazama ile picha mpaka simu ikaniangukia usoni. Asubuhi nikakuta ujumbe wa msusi mmoja wa Mwanza: “Dada, hongera. Umetumia unga gani?”

Swali fupi, lakini jibu lake lina miaka miwili na aibu ndani yake. Kaa mkao wa kula.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, na joto la Dar la mwezi wa tatu mnalijua, nilipata kazi kama hiyohiyo. Mama wa bibi harusi alinionyesha kwenye simu picha ya Marie Antoinette, yule malkia wa Ufaransa ya zamani, akasema mwanangu anataka hivi. Nikamwambia inawezekana. Sikuwahi kufanya kitu kama kile maishani, lakini mtu mwenye saluni ya viti vitatu anayedaiwa kodi ya miezi sita mbele atanielewa.

Nilikuwa nimesikia mahali kwamba Wazungu wa zamani walijipaka unga kichwani. Basi nikaenda duka la jirani nikanunua ngano kilo mbili. Nywele za binti zilikuwa na dawa. Nikazinyoosha kwa blodraya, nikazijenga juu ya sponji, nikapuliza spreyi ya kushikilia, nikachekecha unga kwa chekecheo la jikoni. Kwenye kioo alipendeza, naapa. Mama yake alitoa machozi.

Ukumbini viyoyozi vilikuwa vinne, kinachofanya kazi kimoja. Binti akaingia anacheza na wapambe wake, taa ya mpiga video imemkaa usoni, jasho likaanza kushuka pembeni mwa masikio. Mimi nimesimama nyuma ya meza ya keki, naona kwa macho yangu. Pale nywele zinapoanzia kwenye paji, unga kwanza ukawa wa kijivu, kisha ukang'aa, kisha ukawa donge. Akajifuta kwa kiganja. Donge likavutika, likaacha uzi kati ya kidole na kichwa.

Mshereheshaji akashika maiki: “Jamani, bibi harusi wetu ametoka kukanda chapati!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye naye akacheka, maana angefanya nini? Mimi nilitokea mlango wa jikoni. Salio langu sikulipwa na sikulidai. Ila ile chapati bado imenikaa kooni.

Wiki mbili zilizofuata kila nikifunga saluni nilikuwa nasoma, na nilichokikuta ni kwamba watu wa karne ya 18 hawakuwa na papara kama yangu. Poda yao nzuri ilikuwa wanga: ngano inaoshwa, maji yanaachwa yatulie, kile cheupe kinachotuama chini kinakaushwa, kinasagwa na kuchekechwa mpaka kinateleza kwenye vidole. Aliyewahi kukamua wanga wa muhogo anaijua kazi hiyo. Unga wa ngano wenyewe una gluteni, ile inayoifanya chapati ivutike, kwa hiyo ukiulowesha na kuusugua umeshakanda, mshereheshaji hakukosea. Wanga hauna kitu hicho. Tena hauivi kwa maji baridi, kama uji usivyoshika mpaka moto uingie, na jasho la mtu halifikii joto hilo. Blodraya inafika. Kwa hiyo wanga ukishalowa usiuelekezee blodraya ya moto, utapika gundi kwenye kichwa cha mtoto wa watu.

Na chini ya poda kulikuwa na mafuta. Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Waliyeyusha mafuta ya kondoo na ya nguruwe, wakayatia harufu (kuna mapishi yanayotaja limao na karafuu), wakayapaka kwenye nywele mpaka zikashikana, ndipo poda ikafuata. Bila yale mafuta poda haina pa kukamata. Mtu akipakwa alivishwa shuka mwili mzima na kushika koni ya karatasi usoni asivute vumbi. Mimi nilimtandikia kanga mabegani tu, tukakohoa wote wawili. Siku hizi ni barakoa, yeye na mimi.

Katika kusoma nikakutana na kisa cha kodi. Mwaka 1795 Uingereza iko vitani na Ufaransa, mkate umepanda bei, na waziri mkuu William Pitt anaamuru kila anayepaka poda kichwani akate cheti cha gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21 za kwao. Baba mwenye mabinti wengi wasioolewa alilipia wawili na wengine wakapita bure; naona hata Pitt aliwahurumia wazazi wa sendofu. Waliolipa wakabandikwa jina la simbilisi, maana kwa Kiingereza mnyama huyo ana neno gini katika jina lake. Wengine, Duke wa Bedford akiwa mstari wa mbele, wakakata nywele fupi kwa kukataa kulipa. Kodi ilifutwa 1869, wakati waliobaki wakipaka ni wachache, wengi wao watumishi wa nyumba za wakubwa. Nilifikiria kilo zangu mbili za ngano na watu wale waliokosa mkate, nikanyamaza kidogo.

Aliyenifungua macho hasa ni fundi wa London, Humphrey Ravenscroft. Mawakili na majaji walikuwa wanahangaika na mawigi ya kupakwa mafuta na poda kila mara. Mwaka 1822 akasajili hataza ya wigi la nywele za farasi, jeupe tangu mwanzo, lisilodai poda. Ndilo wigi la mahakamani lililofika mpaka Nairobi, ambako Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, aliliweka kando mwaka 2011. Ravenscroft aliacha kutafuta unga bora, akaanza na nywele zilizokwisha kuwa nyeupe. Nilipoelewa hilo nilijipiga paji la uso.

Kwa hiyo safari hii nywele za mteja sikuzigusa. Nilimsuka twende kilioni, nikamvalisha kofia ya wavu, juu yake wigi la kijivu nililolijenga kwenye kichwa cha sponji tangu Jumatano. Mafuta mazito kiasi cha kunde moja kwa kila kikunjo. Konflawa, ndio wanga wa mahindi, nikaichekecha kwa kitambaa cha kuchujia tui, nikaipiga kwa pafu kubwa, nikakung'uta, nikarudia mara tatu. Alhamisi usiku nikalivaa mwenyewe, feni imezimwa, nikacheza dakika 20. Mume wangu alifungua mlango, akaufunga tena.

Wanaume nao, maana kila nikitaja poda kuna kijana anauliza kuhusu kile kichupa cha vinyozi cha kusimamisha nywele. Ile ni silika. Inazifanya nywele zikwaruzane zisilale, na imetengenezewa nywele laini zinazolala. Kipilipili chako kimesimama tangu uzaliwe. Nilimnyunyizia mdogo wangu, akawa kama amelala jikoni kwenye jivu. Kwenye wigi au nywele zenye dawa, nyunyiza kidogo kwenye mashina, basi. Shampuu kavu ni kisa kilekile cha wanga kunyonya mafuta, na ngozi za vichwa vyetu wengi mafuta yenyewe ziko nayo wapi?

Wasusi wenzangu, tunalipenda mno hili neno “inawezekana”. Mteja akikuonyesha picha, mwambie nipe siku tatu nijaribu. Chukua advansi ya vifaa, kajaribu kwenye wigi. Jaribu kwenye joto, maana saluni yako ina feni na ukumbi hauna. Jaribu tena. Mungu hakutupa mikono hii tuichezee bahati nasibu kwenye siku ya mtu ambayo haitarudi. Yule binti wangu wa kwanza anayo video. Ataitazama na watoto wake, na mimi nimo ndani, sionekani, lakini nimo.

Dada wa Mwanza, haya: konflawa, pakiti moja inatosha na inabaki. Mafuta kwanza. Ngano iache jikoni. Ile yangu ya siku ile ilibaki kilo moja na nusu, nikampa jirani. Jioni akaniletea chapati kwenye sahani iliyofunikwa, za moto, zinanukia. Nikamwambia asante, nimeshakula.