Usimruhusu fundi akuzimie taa ya ABS

Mkuu, usimpe huyo fundi hata shilingi. Funga boneti, chukua ufunguo wako, ondoka hapo.

Umeuliza mambo mawili: taa ya njano ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisigome ukikanyaga breki kwa nguvu, imewaka na fundi wako hapo Mafinga anataka elfu ishirini aiondoe, na kama Ijumaa unaweza kushuka mlima wa Kitonga kwenda Dar. Hilo la kwanza limenitoa usingizini, maana maneno ya fundi wako ndiyo niliyoambiwa mimi Mbeya mwaka 2019: "Breki si zinashika? ABS kwa barabara zetu ni urembo tu." Alikuwa fundi wangu wa miaka minne. Nikampa elfu ishirini na tano.

Alichomoa fyuzi ya ABS. Taa ikaendelea kuwaka, kwa sababu fyuzi ikitoka taa ndiyo inawaka zaidi. Basi akafungua dashibodi akang'oa globu yake. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile aliniambia, "Nimemaliza, endesha," nikaona dashibodi safi, nikaamini gari imepona.

Wiki tatu baadaye natoka Uyole naenda Tukuyu. Ukishapita Isongole unaanza kuteremka kuelekea Kiwira, na kulikuwa na ile mvua ya Rungwe, nyembamba, haikatiki, na ukungu juu yake. Nilikuwa kwenye hamsini hivi. Bodaboda akachomoka kwenye njia ya shambani upande wa kushoto, kafunga mkungu wa ndizi nyuma. Nikakanyaga breki yote, nikakata usukani kulia. Usukani ulikata, gari haikukata. Tairi za mbele zimegeuka kulia kabisa na gari inaserereka mbele vilevile, kama sabuni kwenye beseni. Na pedali chini ya mguu wangu imetulia tuli, ngumu, haitetemeki hata kidogo.

Nilimvunja mguu, chini ya goti. Alikaa miezi mitano bila kupanda pikipiki, na ana watoto wadogo. Radieta, bampa, taa, hospitali, vyote nililipa. Pesa nimeshazisahau. Ila mpaka leo nikipita Kiwira napunguza mwendo, nikiangalia ile njia ya shambani.

Sasa nikueleze huo "urembo" ni kitu gani. Tairi iliyogoma kuzunguka haiongozeki. Ikishakuwa inaburuzwa, geuza usukani utakavyo, gari itakwenda ilikokuwa inakwenda. Kwa hiyo kwenye kila gurudumu kuna sensa ndogo inayosoma pete inayozunguka na gurudumu, na kompyuta inalinganisha mizunguko ya magurudumu. Ikiona moja linakaribia kugoma, valvu inapunguza presha ya mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo, linazunguka tena, presha inarudishwa. Hiyo kazi inafanyika mara nyingi kwa sekunde moja, na ndiyo maana pedali inatetemeka na kugongagonga mguu. Watu wengi wakisikia hivyo wanaachia breki wakidhani kimevunjika kitu. Usiachie! Wala usipampu kama tulivyofundishwa zamani, ABS inapampu yenyewe kukushinda. Kanyaga mpaka mwisho, shikilia, na uongoze gari pembeni.

Na nisikudanganye, kwenye kokoto au vumbi laini gari yenye ABS inaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Mafundi wanaipenda sana hoja hii. Lakini hata hapo usukani bado ni wako.

Kilichoniuma zaidi ni ugonjwa wenyewe. Baada ya ajali kijana mmoja wa Mwanjelwa aliunganisha mashine ya kusoma hitilafu za gari, ikaleta kodi, yaani namba ya hitilafu, ya sensa ya nyuma kushoto. Akatoa gurudumu, akachomoa sensa. Kichwa chake kilikuwa kimevaa unga mweusi wa chuma kama ndevu, kwa sababu kina sumaku, na waya wake umechunika pale unapokunjika karibu na plagi. Akafuta kwa kitambaa, akaunga waya, akarudisha fyuzi na globu. Haikufika saa moja. Sensa moja tu ikifa, kompyuta inazima mfumo mzima, na ile taa ndiyo ilikuwa inaniambia hivyo.

Kwa hiyo shika hili moja: taa ya ABS izimwe na gari, isizimwe na fundi. Kila asubuhi weka swichi on kabla hujawasha injini. Taa ya ABS lazima iwake, halafu izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameingiza mkono. Kwa gari ya mtumba unayotaka kununua, fanya hivyo kabla hujaangalia rangi.

Kitonga: ikiwaka ya njano peke yake, breki za kawaida zipo, ila mvua ikinyesha jihesabu huna ABS. Ikiwaka na ile nyekundu ya breki pamoja, usitoke hata Mafinga, angalia mafuta ya breki kwanza. Na mlima ule unashuka kwa gia ndogo, breki zikichemka hakuna ABS itakayokuokoa.

Kesho tafuta mwenye mashine, asome kodi, uiandike hapa. Nitakaa macho.