Muulize Bibi Mfugaji: Matetea saba, majogoo wawili

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina matetea saba wa kienyeji na majogoo wawili walioanguliwa hapa hapa nyumbani. Matetea watatu wamenyonyoka mgongoni hadi ngozi nyekundu inaonekana, na jirani analalamika kwamba majogoo wanawika tangu saa tisa usiku. Nataka kuwachinja wote wawili, ila mama mkwe anasema bila jogoo kuku hawatagi. Nifanyeje? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la mama mkwe, maana ndilo linalokufunga mikono. Tetea hutaga kwa umri wake, chakula chake na mwanga wa mchana. Wanaotuuzia trei za mayai mjini hawaweki jogoo bandani, na mayai hayakauki. Kazi ya jogoo ni kulitia yai uhai ili baada ya siku 21 za kuatamiwa litoe kifaranga. Kama unachotaka ni mayai ya kula tu, chinja wote na jirani alale. Mama mkwe usibishane naye. Mpelekee mayai kila wiki.

Lakini kama unataka na vifaranga, weka jogoo mmoja, na asiwe kati ya hao wawili. Hao ni watoto wa matetea wako. Wakiwapanda mama zao na dada zao, baadhi ya mayai yanaweza kufa kabla ya kuanguliwa, na vifaranga watakaotoka wanaweza kuwa dhaifu. Tena majogoo wawili kwa matetea saba ni mateso, kwa sababu mmoja tu anawatosha matetea wanane hadi kumi. Jogoo akipanda hujishikilia kwa makucha mgongoni na kwa mdomo kisogoni. Wakiwa wawili, huyu akishuka yule anapanda. Na jogoo ana matetea wake anaowapendelea, ndiyo maana kwako wamenyonyoka watatu, wengine wazima.

Hata hivyo hakikisha si utitiri. Usiku wakishalala, mulika tochi chini ya mbawa na kuzunguka tundu la nyuma linalotoa yai. Pakiwa pasafi, na manyoya yametoka mgongoni na kisogoni tu, basi ni jogoo. Mwenye kidonda mtenge, umwoshe kwa maji ya chumvi, maana kuku wenzake wakiona damu watamdonoa bila huruma. Unyoya uliong'oka wote utaota baada ya wiki kadhaa. Uliovunjika ukabaki kisiki husubiri hadi kuku abadilishe manyoya, kwa hiyo usikate tamaa ukiona mgongo bado mtupu.

Jogoo mpya mtafute kwa mfugaji wa mbali, si kwa jirani mliyegawana mbegu. Usimnunue kwa ukubwa wa upanga wa kichwani wala urefu wa miguu. Mwombe mwenyeji arushe konzi ya mtama, kisha simama utazame. Jogoo mwema huokota punje, huiangusha, huiokota tena huku akiita ko-ko-ko, na husubiri matetea waje wale kwanza. Huyo huyo ndiye mwewe akipita juu hupiga ukelele mmoja na kundi lote likajificha. Anayewafukuza matetea kwenye chakula mwache huko huko, hata akiwa wa bei ya bure. Kuchi napenda kuwatazama, lakini ni kuku wa vita, na kwenye ua mdogo simshauri mtu.

Uliza kama amechanjwa kideri, ule ugonjwa hatari wa kuku. Akifika, mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya, kisha chanja wote kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu. Kipi, yaani ule mwiba wa mguuni mwa jogoo, kikiwa kirefu, kipunguze ncha kwa tupa kidogo kidogo. Usikikate kwa ndani, kuna mfupa wenye damu.

Kuhusu jirani, ana haki yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo hufuata saa iliyo mwilini mwake, akawika hata bila kuona mapambazuko. Kwa hiyo hakuna wa kumfundisha. Unachoweza ni kuhamisha banda mbali na dirisha la chumba chake, na kuliziba mwanga wa taa za barabarani ukiacha hewa ipite. Akitokea mtu wa kukufundisha kumfunga raba shingoni ili asiwike, usimsikilize, ni ukatili. Tena majogoo wawili hushindana kuitikiana. Mmoja atapunguza kelele.

Jambo la mwisho. Tetea hutunza mbegu ya jogoo mwilini kama wiki mbili, hata zaidi. Baada ya kuwaondoa hao wawili, kula mayai yote ya wiki tatu za mwanzo. Jogoo mpya akishaanza kazi, pasua yai moja kwenye sahani, utazame kile kidoa cheupe juu ya kiini. Kikiwa na duara lililozunguka katikati kama pete, yai lina mbegu. Kikiwa kidoa kidogo kisicho na umbo, subiri siku chache upasue jingine, ndipo uwawekee wanaotaka kuatamia.